Muulize jemadari wako anakula nini

"Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya yangu ya kwanza ya kifantasia, nimefika sura ya 14 na nimekwama. Adui mkuu ni Harara, jini wa moto aliye jemadari wa jeshi kubwa. Hutoa moto mikononi na machoni, anaruka, silaha haimpati kwa kuwa upanga huyeyuka kabla ya kumfikia, anasoma mawazo, anajua yajayo, hujigeuza umbo, na askari wake wakifa huwafufua kutoka kwenye majivu. Sura ya 11 alikausha mto mzima kwa kuutazama tu. Nchi nimeibuni, ila ina volkano na maziwa ya magadi kama Bonde la Ufa. Shujaa ni Tausi, binti wa mfinyanzi, anayepewa upanga wa uchawi sura ya 3. Wenzangu wanaonisomea rasimu wanasema Harara hawatishi tena, anawachosha. Nimwongezee nguvu au nimpunguzie? Na Tausi atamshindaje bila kuonekana ni bahati tu? Halafu bibi yangu hapendi kabisa kazi hii, anasema kuandika majini ni kuyaita. Nisaidie."

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kufika sura ya 14. Miswada mingi ninayoletewa hufia sura ya tatu au ya nne, na huu wako bado una pumzi.

Shida yako naielewa hivi: umemjenga adui mkubwa mpaka yeye mwenyewe amekufungia njia. Kila mlango unaotaka Tausi aingilie, Harara ameshausimamia, kwa sababu anajua yajayo, anasoma mawazo, na hata akipigwa haumii. Umebakiwa na njia mbili, zote mbovu: muujiza wa dakika ya mwisho, au Harara afanye upumbavu ambao mtu anayejua yajayo hawezi kuufanya. Wasomaji wako wamelihisi hilo kabla yako, ndiyo maana wanachoka. Mtu hutishika pale ambapo bado kuna kitu cha kuokoa. Akishajua kwamba mji utaungua hata iweje, anafunua kurasa akingoja uungue.

Wengi wetu tunapoanza kuandika hudhani kitisho kinapimwa kwa wingi wa nguvu. Tazama Fumo Liongo, ambaye pwani yetu imemsimulia kwa karne nyingi. Orodha yake ni fupi: nguvu za mwili, shabaha ya mshale, na mwili usioingia silaha isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Basi. Lakini alipochomwa, aliutwaa upinde wake, akaenda upande wa visimani, akapiga goti, akautega mshale, akafa vile vile akiwa amepiga goti. Watu wa mji wakamwona kwa mbali, wakaogopa kwenda kuteka maji. Siku zikapita watu wana kiu na maiti ameshika kisima, hadi mama yake alipoombwa aende akamsemeze. Hakuruka mtu, hakuyeyuka upanga. Kitisho chote kimekaa kwenye koo kavu za watu wa mji na kwenye kile wanachodhani Liongo bado anaweza kufanya.

Angalia na ile sindano yenyewe. Waandishi wengi huiga sindano peke yake: humpa adui udhaifu uliofichwa, kisha shujaa huusoma kwenye kitabu cha kale zikibaki kurasa ishirini. Katika kisa cha Liongo, aliyeuliza siri ile alikuwa mwanawe, na Liongo alimwambia ingawa alishashuku kwamba kijana ametumwa. Shaba ilimaliza tu kazi ambayo mapenzi ya baba kwa mtoto yalikwisha kuianza. Kwa hiyo usinitafutie jiwe la ajabu litakalomzima Harara. Mtafutie Harara jambo asiloweza kujizuia nalo.

Jambo hilo unalo tayari. Liko kwenye neno moto.

Lugha yetu yenyewe inakufundisha. Tunasema moto umekula nyumba, umekula shamba; moto una ndimi. Moto unakula. Hauishi bila kitu cha kuungua, bila hewa, na bila joto la kutosha kuuanzisha. Ukiondoa kimojawapo, unakufa. Kila aliyewahi kupepea jiko la mkaa kwa kifuniko cha sufuria anajua hivyo mkononi, hata kama hajui kuvieleza. Msomaji wako anakuja na elimu ya moto aliyoipata jikoni kwao. Harara anapotoa moto mahali pasipo na chochote cha kuliwa, kichwa cha msomaji kinakubali kwa kuwa hii ni fantasia, lakini mkono wake uliowahi kuungua unakataa.

Turudi kwenye mto wako wa sura ya 11, tuupime. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya megajuli 15 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji mpaka yote yaishe kuwa mvuke kunataka megajuli 2.6 hivi. Maana yake, hata kama Harara hapotezi chembe ya joto, kilo moja ya kuni inamkaushia lita sita tu, haifiki hata nusu ya ndoo. Mto mdogo unaopitisha lita 5,000 kwa sekunde unamtaka ateketeze zaidi ya kilo 850 za kuni kila sekunde, zaidi ya tani 3,000 kwa saa moja. Sikupi hesabu hii ili uitie kwenye riwaya, tafadhali usiitie. Nakupa ili uone picha iliyojificha ndani yake. Jini anayekausha mto lazima kuna kitu kikubwa sawa na mto anachokila. Mwache asimame ukingoni, na nyuma yake msitu wa mlima mzima ugeuke kijivu, mti baada ya mti, bila mwali kuonekana, ndege wakidondoka na jivu likishuka kama manyunyu. Mto unakauka mbele, msitu unakufa nyuma. Hapo una tukio. Awali ulikuwa na jicho tu.

Na hapo ndipo jemadari anapozaliwa. Mbabe wa kivita yeyote, awe wa moto au wa nyama na damu, ni mtu mwenye jeshi linalotaka kula kesho. Nilipousoma muhtasari wako nilijiuliza kwa nini Harara anavamia, sikupata jibu zaidi ya kwamba ni mwovu. Sasa jibu lipo: anavamia kwa sababu nchi aliyotoka ameshaimaliza. Hawezi kurudi nyuma, nyuma ni jivu. Hawezi kusimama, akisimama anapoa. Kila ushindi unampa kuni za siku chache na kumwongezea njaa, maana moto mkubwa hula kuliko mdogo. Sababu ya vita vyake na kitanzi chake vimesukwa kwa ukambaa mmoja, na wewe huna haja ya kubuni udhaifu wowote wa pembeni.

Njaa hiyo pia itakuondoa kwenye mipira ya moto inayorushwa huku na huku, ambayo kusema kweli imeshachosha watu. Historia yetu inajua moto wa vita ulivyo. Wakati wa Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, utawala wa Kijerumani chini ya gavana Götzen ulichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria kwa vifo vyote hufika laki mbili hadi tatu. Anayetaka kuandika jemadari wa moto asianze na mwali. Aanze na mwanamke anayechambua jivu la ghala lake akitafuta punje za mtama ambazo hazijaungua. Sura yako ya 9 ina ghala linaloungua na umelipitia kwa sentensi mbili. Nakuomba ukae hapo.

Sasa nikusahihishe mambo kadhaa ya moto wenyewe, maana yatakupa vitu vya kuandika.

Upanga hauyeyuki kwa kupita hewani. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na hata mhunzi mwenye mivukuto mizuri huuacha upanga ndani ya makaa kwa muda kabla haujawa mwekundu. Upanga unaopigwa kwa kasi hukaa karibu na Harara chini ya sekunde moja. Kitakachoshindwa kwanza ni mkono ulioushika. Ngozi itaungua, vidole vitaachia, macho yatafumba yenyewe. Andika hivyo: mashujaa kumi, mmoja baada ya mwingine, wanaangusha panga zao nzima chini mbele ya miguu ya Harara, na panga zinalala pale hazina hata alama. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko chuma kuyeyuka, kwa sababu linasema silaha ilitosha na binadamu ndiye hakutosha.

Maji nayo hayamalizi moto kirahisi hivyo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hupanuka na kuwa kama lita 1,700. Anayemwagia pipa la maji kiumbe mwenye joto la tanuri amejitengenezea wingu la mvuke linalochuna ngozi ya kila aliye karibu. Ukitaka, mpe Harara ushindi mmoja wa namna hiyo mapema: mji unajiona mwerevu, unamtegea bwawa, na bwawa ndilo linalowaua. Baada ya hapo hakuna msomaji atakayekuuliza kwa nini hawakummwagia maji.

Moshi umeusahau kabisa. Kwenye nyumba inayoungua, watu wengi hufa kwa moshi kabla ndimi hazijawafikia. Ndani yake imo gesi ile ile isiyo na harufu inayowaua waliolala na jiko la mkaa chumbani. Unasema Harara hujigeuza umbo. Basi muondolee simba na tai wote hao, mwachie umbo moja tu, moshi unaopita chini ya mlango usiku. Umbo moja linalokumbukwa lina kazi kuliko saba.

Kisha kuna joto lisilo na mwali. Sura Al-Hijr ya Kurani inataja kwamba majini waliumbwa kwa moto wa samumu, yaani upepo wa joto kali. Ukiwa na nchi ya magadi na jua, tumia joto hilo: siku tatu kabla Harara hajafika, upepo unageuka, mbuzi wanaacha kula, watoto wanatokwa damu puani. Na kwa kuwa umechagua Bonde la Ufa, usiazime volkano za filamu zenye uji mwekundu unaotokota. Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu kwa Wamasai karibu na Ziwa Natron, hutoa lava ya pekee: joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida, na mchana huonekana nyeusi kama matope au oili chafu. Ikikaa na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Fikiria jeshi la Harara likitanguliwa na kitu cheusi kinachoteremka bondeni, na wanakijiji wakidhani ni mafuriko, wanatoka kwenda kuokoa ng'ombe.

Nimelikawiza jambo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamhusu Tausi.

Kiumbe chenye joto hilo kinaishi peke yake. Hakuna askari anayeweza kusimama ubavuni pake. Hawezi kushika karatasi, hawezi kukalia kiti cha mbao, hema lake likikosewa kidogo linawaka. Ramani anaisomaje? Amri anaziandika juu ya nini? Ngozi inaungua, kitambaa kinaungua, shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kitu pekee cha kawaida ambacho mkono wa Harara unaweza kukishika, na ambacho moto wake hukikomaza badala ya kukiharibu, ni udongo. Jemadari wa moto atawahitaji wafinyanzi: vigae vya ramani, vigae vya amri, chungu cha kubebea kaa lake anapolala. Binti wa mfinyanzi ulikuwa naye tangu ukurasa wa kwanza, mwanangu, kisha sura ya 3 ukampa upanga na kumsahaulisha kazi ya mama yake.

Mrudishie kazi hiyo uone anajua mangapi. Mfinyanzi husoma joto kwa rangi: wekundu wa giza ni karibu nyuzi 600, wekundu wa wazi kama 800, rangi ya chungwa karibu 1,000, njano 1,100 na kuendelea, kisha weupe. Vyungu vinavyochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi hufika 600 hadi 900 hivi, na Tausi amekulia kando ya moto huo. Wakati majemadari wote wa upande wake wanamwona Harara kama jua lisilotazamika, yeye peke yake anaona kwamba leo ana rangi ya chungwa na juzi alikuwa wa njano. Ameshuka. Hakula. Umempa shujaa uwezo ambao hakuna mchawi aliyempa, na msomaji naye atajifunza kusoma rangi hizo, kiasi kwamba sura ya 20 ukiandika tu kuwa Harara ametoka hemani akiwa mweupe, kila mtu atashika pumzi.

Na kila mfinyanzi anajua kosa la kwanza la kazi: chungu ambacho hakijakauka sawasawa hupasuka motoni, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yanageuka mvuke yakikosa pa kutokea. Sikuandikii mwisho wa riwaya yako. Lakini kigae kinachoonekana kikavu nje, kikapokewa na mkono wa moto, ni kitu kinachostahili kuandaliwa kuanzia sura ya 2, pale mama anapomfokea Tausi kwa kuharakisha kazi.

Nguvu nyingine nitazipitia upesi. Kuruka, kufute, jeshi linalotembea kwa miguu likiongozwa na anayeruka litawaletea wasomaji maswali yasiyoisha. Kusoma mawazo, kufute pia. Kujua yajayo ndiko kunakokuziba pumzi hasa, na mapokeo yenyewe hayakuungi mkono. Katika Sura An-Naml, ifriti, yaani jini mwenye nguvu, anajitolea kumletea Nabii Sulaiman kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla hajainuka mahali pake; kisha mwenye elimu ya Kitabu anakileta kabla ya kupepesa jicho. Katika Sura Sabaa, majini wanaendelea na kazi ngumu wakimdhania Sulaiman yu hai, hali amekwisha kufariki akiwa ameegemea fimbo, hadi mdudu wa ardhini alipoila fimbo akaanguka. Hapo ikabainika kwamba hawajui ya ghaibu. Nazitaja aya hizi kwa heshima, maana kwa wengi wetu ni imani, na msomaji wa Tanga au Mombasa anayezijua atakushangaa ukimpa jini elimu ambayo hana.

Kufufua askari kutoka kwenye majivu kubaki, kwa sharti zito. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, anampa jini Huria uwezo wa kuwageuza ndugu wawili manyani, kisha Adili anafungwa na sharti la kuwapiga kila usiku, la sivyo adhabu imrudie. Kugeuza kunachukua kitambo kidogo. Sharti ndilo linalobeba hadithi. Wewe ungeweza kusema kila askari wa jivu anahitaji kaa hai kutoka kifuani mwa Harara mwenyewe. Akifufua mia, anashuka rangi. Anachagua kati ya kuwa na jeshi na kuwa na nguvu, na Tausi akiona rangi atajua amechagua nini. Halafu mvua: jivu likilowa linakuwa tope. Vita vyake basi ni vya kiangazi, na masika yakikaribia ana haraka. Umepata kalenda ya riwaya nzima.

Kuhusu namna ya kumshinda, nikupe njia nizionazo na kasoro zake. Ya kwanza ni kumnyima chakula. Tunasema dawa ya moto ni moto, na wanaopambana na moto wa nyika hufanya hivyo hasa: huchoma kwanza ukanda wa nyasi mbele ya moto mkuu, ukifika ukose cha kula. Tausi angewashawishi watu wachome mashamba na malisho yao wenyewe. Ina nguvu kwa sababu inawauma walio upande wa haki, na atatokea mzee atakayekataa kuchoma shamba la marehemu mkewe, na atakuwa na haki ya kukataa. Kasoro yake ni mwendo wa polepole. Adui anayekufa kwa njaa hakupi pambano la ana kwa ana. Ya pili ni kigae. Inakupa tukio la mkono kwa mkono, lakini ikisimama peke yake itafanana na ile sindano iliyoigwa vibaya. Ya tatu ni upanga wa uchawi, ambao mimi nisingeuacha umuue Harara hata kidogo, kwa kuwa haukumgharimu Tausi chochote kuupata.

Ningeziunga mbili za kwanza: njaa imshushe mpaka alazimike kupokea kitu kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwa mtu aliye karibu. Na upanga usiufute, upoteze. Katika visa vya kale vya watu wa Kaskazini, vilivyoandikwa Iceland katika karne ya 13, kuna Surtr, jitu la moto linalokuja kutoka kusini na upanga uwakao mwisho wa dunia. Anayekutana naye ni Freyr, ambaye zamani alikwisha kuutoa upanga wake ili apate mwanamke aliyempenda. Anakufa. Watu wa Iceland hawajamsahau Surtr. Kisiwa kilichoibuka baharini kwa mlipuko wa volkano mwaka 1963 walikiita Surtsey, kisiwa cha Surtr. Kisa kile kinabebwa na upanga ambao haupo. Tausi wako angeweza kuutoa upanga wake sura ya 9, abadilishane na mbegu kwa ajili ya watu wa lile ghala lililoungua. Jeshi zima limwone mpumbavu.

Nije kwa bibi yako, na hapa nitakwenda taratibu. Anachosema si ujinga. Wapo wengi, Waislamu kwa Wakristo, ambao kwao majini ni viumbe wa kweli, na kumchezea kiumbe wa kweli ni jambo tofauti na kubuni zimwi. Una njia mbili za haki. Unaweza kubaki na jina la jini, ukafuata mipaka ambayo mapokeo yanaiweka, na ukapata uzito wa kitu ambacho msomaji wa pwani anakiogopa tangu utotoni. Gharama yake ni kwamba baadhi ya wasomaji, akiwemo bibi, wataona umevuka. Au unaweza kumbuni kiumbe wako mwenye jina na asili yake, aliyezaliwa na mlima wa magadi, bila neno jini kutajwa popote. Utapoteza kitisho cha kurithi, lakini utakuwa huru. Kwa riwaya hii naona njia ya pili inakufaa, kwa sababu nchi yako umeibuni na Harara anatokana na volkano kuliko kitabu chochote. Lakini mimi ni mhariri, si shehe. Kama dhamiri inakusumbua kweli, nenda kwa shehe unayemwamini ukaketi naye, usitafute fatwa kwenye simu. Na bibi msomee ukurasa mmoja, ule wa mwanamke na mtama. Nadhani ataujua kuliko wewe.

Mengine hayawezi kutoka kwangu kwa maandishi. Nenda ukakae siku moja na mhunzi, na siku nyingine na wafinyanzi. Kama uko nyanda za kusini, akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wanajulikana kwa kazi hiyo. Uliza kituo cha zimamoto kilicho karibu kama wanaweza kukusimulia moto unavyopita kwenye paa. Kabla ya kuandika majeraha, zungumza na muuguzi aliyewahi kuhudumia walioungua, usikilize zaidi ya kuuliza. Wala usijaribu moto nyumbani kwa petroli au mafuta ya taa eti upate kuona rangi. Rangi utaziona kwa mhunzi ukiwa umesimama mbali. Mhariri wa kukaa naye meza moja utamhitaji rasimu ya pili ikikamilika, si sasa. Sasa hivi atakuvuruga.

Kwa hiyo usiiguse sura ya 14 wiki hii. Andika kurasa mbili za asubuhi moja kambini kwa Harara. Kuni zimekwisha tangu usiku, askari wanamkwepa, rangi yake imeshuka na yeye mwenyewe anajua. Mbele ya hema amesimama msichana mwenye tope kwenye kucha, ameshika kigae. Niletee kurasa hizo kwanza.